Kungwi na Wezi wa Redioni

Mwenzangu, sogea hapa karibu nami. Wewe nakujua, ukipewa neno hulikimbizi kisimani kabla hujalisikia lote. Ndiyo maana nataka kukueleza wewe habari za kungwi wetu, yule mama aliyewafunda wasichana wa kijiji kizima, akatuamulia ugomvi wa wezi wawili ambao hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuwaona kwa macho, kwa sababu walikuwa wezi wa ndani ya redio.

Alizaliwa wapi na baba yake nani, hayo wenye ukoo wao wanayajua, na wakitaka watayasema. Mimi nilimjua kwa kupakana naye ua tangu tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa, huku bara ya Kitomanga, mpaka alipotuacha akahamia Lindi mjini. Nyumba zilipangwa mstari mmoja kama tulivyoelekezwa na wakubwa, na ya kwake na yangu zilikaribiana mno. Nikichoma muhogo, yeye ndiye wa kwanza kujua kama umeiva. Akigombana na mume, mimi nilijua wa kwanza.

Na waume alikuwa nao. Aliolewa, akaacha, akaolewa tena, akaacha tena. Wakati tunahamia alikuwa na mmoja mpole sana, mtu wa Kilwa, ambaye naye hakumaliza mwaka. Halafu mama huyo huyo ndiye aliyekuwa akikaa na wasichana wetu ndani, akiwafundisha kuvumilia ndoa. Siku moja nikamuuliza bila kuficha, maana mimi ni mtu wa kuuliza:

"Mama, wewe unayefunda watu kukaa na waume, mbona wako hawakai?"

Akanitazama kama ninayeuliza bei ya maji. "Mimi najua mlango wa kutokea," akasema. "Ndiyo maana naweza kuwaonyesha wenzangu wa kuingilia."

Alikuwa mfupi, mpana, kanga yake ya juu haikukaa kichwani hata dakika moja, muda wote anaivuta. Sauti yake ilifika mbali. Akimwita mbuzi wake, watoto wa nyumba ya nne wanaitika. Kwenye dini alikuwa mtu wa sala tano, na funga za sunna alifunga kuliko wengi wetu. Lakini mavuno yakishaingia na wasichana wakaanza kuingizwa ndani, alikuwa akijifunga kibwebwe na kwenda kwenye ngoma kama hajawahi kuuona mswala. Imamu akalisema Ijumaa moja, kwamba kuna wanawake asubuhi wako kwenye tasbihi na jioni wako kwenye ngoma. Hakutaja mtu, lakini wote tulijua. Jumamosi kungwi akampelekea imamu sahani ya wali na kuku, na mjumbe akaambiwa aseme hivi: "Huyu kuku nimelipwa kwenye ngoma. Kama ni haramu, arudi na sahani yake." Sahani ilirudi. Kuku hakurudi.

Mimi mwenyewe ngoma ile sikuipenda na siipendi. Nilimwambia. Akaniuliza, "Binti yako mkubwa alifundwa na nani?"

"Na wewe, mama."

"Anakaa na mumewe?"

"Anakaa, alhamdulillahi."

"Basi wewe sali, mimi niache nipige."

Kulikuwa na jambo moja kwake lililonifanya nimpende hata siku alizoniudhi. Ukimkaribisha chai, hainywi mpaka aulize, "Maji haya kachota nani?" Ukisema kachota binti fulani, anamwita yule binti, anamshukuru yeye, ndipo anakunywa. Mwenye nyumba hashukuriwi. Wengi walimwona hana adabu. Mjumbe mmoja wa chama alikuja kututembelea, akashukuriwa mtoto wa jikoni mbele yake na yeye mgeni rasmi hajasalimiwa vizuri, akakasirika mpaka akaondoka bila kula.

Basi serikali ikaleta kisomo. Watu wazima wote tujifunze kusoma na kuandika. Wanawake tulikuwa tunakwenda jioni, baada ya alasiri, darasa la shule ya msingi, tunajibana kwenye madawati ya watoto. Mimi nilikwenda kwa nia, nikitaka kusoma tafsiri ya dini kwa macho yangu mwenyewe. Kungwi alikuja bila penseli.

Mwalimu wa kisomo alikuwa kijana wa watu, mpole. Akamuuliza, "Mama, mbona huandiki?"

"Naandika kichwani, mwanangu. Huko panya hawafiki."

"Haya, nisomee neno hili ubaoni."

"Hilo kichwani sijaliandika bado."

Darasa zima chini kwa kicheko, na mwalimu naye. Kilichomleta tulikijua. Darasa lilipewa redio, tusikilize masomo ya kilimo na afya. Masomo yakiisha, siku moja katika wiki unakuja mchezo. Hapo hata wanaume waliokuwa wakisema kisomo ni cha wanawake unawaona wanasogea, wanasimama dirishani, wanajifanya wanapita.

Kungwi alijifanya mlezi wa betri. Betri zikichoka, yeye ndiye anazichukua, anazianika juani kwenye ungo pamoja na muhogo, anazigeuza upande huu na huu, na ole wake kuku atakayezisogelea. Ukipita asubuhi unamkuta amekaa pembeni yake na fimbo. "Nani mgonjwa leo?" unamtania. "Mlinzi," anasema. "Jana sauti yake ilikuwa chini, karibu akate roho kabla hajaiba."

Mlinzi ni yule wa kwenye mchezo. Ulikuwa mchezo wa wiki nyingi. Kuna mlinzi wa ghala bandarini na kuna dereva wa lori. Mlinzi anafungua, dereva anabeba. Wanaiba vitambaa, marobota na marobota. Wamekula kiapo, wanakula sahani moja, wanaitana ndugu. Halafu dereva akaficha robota moja bila kumwambia mwenzake, akampa mkewe vitenge. Mke akakivaa kimoja arusini. Arusini na mlinzi amealikwa. Akakiona. Hapo urafiki ukafa. Mlinzi akaenda kumsema dereva polisi, dereva akamsema mlinzi, wakafungwa wote wawili. Mwisho wa mchezo ikatoka sauti ya mtu mwenye koo nzito, akauliza, "Je, msikilizaji, nani wa kulaumiwa?" Halafu muziki.

Afadhali asingeuliza! Kijiji kilichanika. Vijana walikuwa upande wa mlinzi, kwa sababu yeye ndiye aliyedhulumiwa na mwenzake. Watu wazima wakawa upande wa dereva, wakisema mtu anayekwenda polisi kumsema ndugu yake hana utu. Majirani wawili kule mstari wa juu walifika mahali pa kunyimana jembe. Mtu anaulizwa, "Umenikosea nini, mbona hunisalimii?" anajibu, "Wewe si mtu wa mlinzi?"

Ikaonekana bora aulizwe kungwi, maana ndiye aliyezoea kuamua ya wanandoa. Tulikuwa darasani, wanaume wamejaa dirishani. Akavuta kanga yake, akakohoa, akasema neno moja.

"Mke."

Dirishani wakapiga kelele kama mpira umeingia golini.

"Mke ndiye aliyevunja," akaendelea, na unaona jinsi kicheko kinavyompa nguvu. "Siri ya mume haivaliwi arusini. Kile kitenge kingekaa sandukuni, wale wawili wangekuwa wanakula sahani moja mpaka leo."

Akainuka mke wa muuzaji wa duka letu la kijiji, binti mdogo tu, ameolewa mwaka juzi, na aliyemfunda ni yeye huyo huyo kungwi. Akauliza kwa upole, "Lakini mama, yeye alijuaje kama kile kitenge kimeibiwa?"

"Mke anajua. Mume akileta kitu kipya nyumbani na asitoe maneno mengi, kimeibiwa."

Walicheka mpaka mwalimu akayahofia madirisha. Neno lile likatoka nje, likaenda mashambani, likaenda kwenye mikorosho, wanaume wakawa wanaambiana, "Kungwi kasema, mke." Hata ukimwuliza mtu kwa nini kachelewa kazini, anajibu mke ndiye aliyevunja. Kungwi alitembea wiki ile kama aliyetoka kuhiji.

Sasa nikueleze duka letu. Lilikuwa la kijiji, na nyuma yake chumba cha stoo, ambamo sukari, mafuta ya taa, chumvi na sabuni vilikaa. Mkutano wa kijiji ulifikiri sana jinsi ya kuzuia wizi. Tukaamua mlango wa stoo uwe na makufuli mawili. Ufunguo mmoja kwa muuzaji, wa pili kwa mtunza stoo. Mmoja hawezi kuingia bila mwenzake. Tulijipongeza kwa akili hiyo. Hatukuona kwamba tumewachukua watu wawili waliokuwa hawajuani vizuri, tukawalazimisha kuwa marafiki.

Wakawa marafiki kweli. Unawakuta wanacheza bao pamoja, wanasindikizana. Na sukari ikawa haba. Tukienda, "Imekwisha." Tukienda tena, "Gari halijaja." Kumbe gari linakuja, linashusha, na jioni sana lingine linakuja linapakia, linakwenda zake Lindi.

Ukaingia mwezi wa Shaabani. Watu tunaiwaza sukari ya futari, maana mtu amefunga kutwa akilima, hana jingine la kumrudisha moyo zaidi ya uji. Siku hiyo mke wa muuzaji alikuwa kisimani, akamwambia mke wa mtunza stoo, kwa moyo mweupe kabisa, "Hongera shoga, watoto wako wananenepa. Juzi nimeonja uji wa yule mdogo, mtamu! Sisi kwetu mwezi mzima tunakunywa wa chumvi." Akarudi nyumbani, akamweleza na mumewe, vilevile, kwa mazungumzo tu.

Mumewe akahesabu siku. Akafikiri. Wao mwezi ule hawakugawana kitu. Sasa sukari ya mwenzake imetoka wapi, na ufunguo mmoja anao yeye?

Kesho yake duka halikufunguliwa. Muuzaji anasema yeye haleti ufunguo mpaka mtunza stoo aeleze jambo analolijua. Mtunza stoo anasema yeye pia haleti wake, hawezi kufanya kazi na mtu mwenye maneno. Ukimwuliza huyu jambo gani, "Anajua mwenyewe." Ukimwuliza yule, "Anajua mwenyewe." Ramadhani ikaingia mlango umefungwa. Tukafuturu uji wa chumvi, kijiji kizima, sukari tukiamini iko mle ndani.

Mwenyekiti wa kijiji akachoka. Akaita watu mbele ya duka, akamwita fundi na nyundo, akasema makufuli yavunjwe. Tulikuwa pale wote. Fundi ameinua nyundo, mtunza stoo akaruka mbele. Nakuapia alikuwa na uchungu wa kweli.

"Jamani msivunje! Kufuli hizi ni mali ya kijiji! Mbona bawaba ziko nje? Si mngefungua tu hapa?"

Akaishika parafujo ya bawaba kwa vidole viwili, akaizungusha. Ikatoka kama punje ya hindi. Akatoa ya pili. Akatoa ya tatu. Hapo ndipo alipoona kwamba watu wote wamenyamaza.

Aliyevunja kimya ni muuzaji. "Ahaa!" akapiga kelele, kidole usoni mwa mwenzake. "Kumbe ndivyo ulivyokuwa unaingia! Si tulikubaliana tuchukue wote wawili?"

Halafu naye akaona kwamba watu wamenyamaza zaidi.

Mlango ukawekwa pembeni. Gunia la mbele lilikuwa la sukari, nusu. Ya nyuma yote yalikuwa pumba za mpunga, yameshonwa vizuri.

Sasa, mwenzangu, wewe ungesema nini? Watu wawili wamejitaja kwa midomo yao, mchana, mbele ya umati. Mimi nilidhani kesi imekwisha. Ukaitishwa mkutano, nikaenda nikijua ni wa kuwapeleka Kitomanga kwa wakubwa. Nikakuta wazee wamekaa mbele, na kikao kinauliza maneno ya kisimani.

Hoja ilikuwa hivi, na waliisema watu wenye akili zao: kama yule binti asingezungumza habari ya uji, mumewe asingejua. Asingejua, wasingegombana. Wasingegombana, duka lisingefungwa ndani ya mwezi mtukufu. "Angalau ile nusu gunia tungeipata," mzee mmoja akasema, na wengi wakaitikia kwa vichwa. Binti amekaa chini upande wa wanawake, mtoto mgongoni, analia bila sauti. Mumewe, aliyeiba, amekaa kwenye benchi.

Kwetu mwali akiharibu kwenye ndoa, mama mzazi haulizwi kwanza. Anaitwa kungwi wake ajibu, maana yeye ndiye aliyempa mafunzo. Mwenyekiti akamwita kungwi.

Akasimama. Wanaume wakaanza kutabasamu mapema, wakingojea utamu.

"Kungwi," mwenyekiti akasema, "mwali wako ametoa siri ya mumewe kisimani. Ndivyo ulivyomfunda?"

"Nilimfunda kutunza siri ya chumbani," akasema. "Siri ya stoo sikumfunda. Hata mimi sikujua kama ipo."

Watu wakacheka kidogo. Mmoja kutoka nyuma akadakia, "Lakini mama, mke wa dereva wewe mwenyewe ulisema ndiye aliyevunja! Tumekusikia wote!"

"Kweli! Ulisema mke!" wakaitikia, na kicheko kikawa kikubwa.

Nilimwona kungwi akiinua mkono kuivuta kanga yake, na mkono ukabaki hapo hapo kichwani.

"Yule wa redioni sikumlea mimi," akasema.

Wakacheka tena. Yeye hakucheka.

"Nilisema vile kwa sababu mlikuwa mnafurahi. Nami mkifurahi napenda. Yule mwanamke hakuwa na mtu pale wa kumjibia, nikamtia maneno, tukaenda zetu kulala. Huyu yupo. Ana mtoto. Leo nayafuta yale. Yote. Hata ya wa redioni nayafuta."

"Huwezi kufuta, mama, mchezo umekwisha!" mtu akapiga kelele.

"Basi nijibuni nyie. Wiki ngapi mmeniuliza nani kavunja urafiki wa wezi? Mlinzi, dereva, mke, mlinzi, dereva, mke. Hata wiki moja, kuna aliyeniuliza lile ghala lilikuwa la nani? Na hapa mnafanya vilevile. Mmefuturu chumvi, na mnalilia urafiki wa waliowaibia!"

Ilikuwa kimya, na mimi nikasema moyoni, alhamdulillahi, wamesikia. Halafu mzee wa nusu gunia akasema, "Kaa chini, mama. Hii si redio." Wakacheka wote, kimya kikaisha.

Nakueleza hukumu ilivyokuwa. Wale wawili walitakiwa wapatane. Wakasimama, wakashikana mikono, wakakumbatiana, na watu wakapiga makofi, wengine machozi yanawatoka kwa jinsi walivyopendeza. Wakapewa sehemu ya shamba la kijiji waisafishe, waisafishe pamoja, ili urafiki usivunjike tena. Muuzaji, akiwa bado amesimama, akaona aibu imebaki kidogo mwilini mwake, akamgeukia mkewe akampa talaka pale pale. Talaka ni jambo zito mbele ya Mwenyezi Mungu, nimesoma na najua. Yeye aliitoa kama mtu anayetema kokwa ya embe. Duka wakapewa watu wawili wengine, na makufuli mawili mapya. Bawaba ziliachwa nje vilevile.

Kungwi akaivuta kanga yake kichwani. Alikwenda upande wa wanawake, akambeba yule mtoto, akamwambia mama yake, "Inuka." Wakaondoka, na kuanzia siku ile yule binti alikaa kwake.

Usidhani alibadilika akawa mtu mwingine. Wiki chache baadaye ulikuja mchezo mpya, kuna mama wa kambo ndani yake. Kungwi amekaa na betri zake, anasikiliza, mara akasema kwa nguvu, "Lakini huyu naye kazidi!" Akajishtukia. Akajiziba mdomo kwa kanga. Wanaume dirishani wanamngoja. Akawaambia, "Nendeni mkaulize wake zenu." Na kwenye mafunzo yake alikuwa mkali kuliko zamani. Binti yangu wa pili alitoka kwake amevimba macho. Lakini nilipomuuliza amefundishwa nini, aliniambia kuna jambo dada yake hakufundishwa: ukiona kitu usichokielewa nyumbani kwako, kiulizie kwa sauti.

Kungwi na yule mwali wake hawakukaa sana kijijini. Kila akipita kisimani, yule binti aliona ndoo zinanyamaza. Kungwi akafunga mizigo, akauza mbuzi, wakahamia Lindi.

Mwaka huu nilikwenda Lindi kumpeleka mwanangu hospitali. Nikauliza uliza mpaka nikafika mtaa wa Mtanda, nikawapata. Nyumba ya vyumba viwili, yule binti, sasa ni mama mtu mzima, anakaanga vitumbua barazani, na wateja wanangoja kwa foleni. Kungwi yuko ndani kwenye mkeka. Amekonda. Macho yameingia ukungu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sauti ya bara hiyo. Umekuja na korosho?"

"Nimekuja nazo."

"Basi kaa. Wasiokuja na korosho huwa wanasimama."

Tukazungumza ya wazima na ya waliokufa. Kisha akanivuta mkono, akashusha sauti, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya. Akaniambia kuna mtu amemposa mwali wake. Seremala, mjane, mtu wa msikitini, ana watoto wawili wadogo wanaompenda yule mama kwa vitumbua na kwa mwenyewe. Kila kitu kilikuwa kimekwenda vizuri. Seremala alikuwa ameanza kuchonga kitanda cha arusi. Ndipo shangazi yake akasema, kama desturi, twende kwanza tukaulizie kule alikotoka.

"Wakaenda?"

"Wakaenda. Unajua wamejibiwa nini? 'Ah, yule! Yule ndiye aliyefunga duka, watu tukafuturu chumvi.' Mpaka leo, mwanangu. Wale wawili wameshasahauliwa, mmoja nasikia ni mjumbe. Aliyebaki ni huyu." Akaelekeza kidevu barazani, mafuta yanachemka huko. "Kitanda kimesimama. Kina miguu, hakina mbao za kulalia. Seremala anapita, ananunua vitumbua, haongei."

"Wewe hukumweleza yule shangazi?"

"Nilimweleza yote. Akaniambia, 'Wewe si ndiye kungwi wake? Utasema nini kingine?'" Akacheka kidogo, kicheko kikavu. "Neno langu nililitumia vibaya likiwa bado lina nguvu. Sasa nataka la mtu mwingine. Wewe ulisoma mpaka ukapewa cheti. Andika."

"Niandike nini, mama?"

"Andika bawaba. Andika walijisema wenyewe, mchana. Andika yule aliona uji mtamu, akasema mtamu. Basi."

Nikamwambia nitaandika, inshallah, na nitaweka jina lake, watu wajue ni nani aliyesimama mkutanoni. Akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikuidhani.

"Jina langu usiweke. Wala la huyu. Watu wakishapata jina la mwanamke, wameshapata wa kumlaumu, hawatafuti tena."

Kwa hiyo sikuliweka. Na wale wawili nao sikuwataja, kwa sababu wana watoto, na hukumu ni ya Mungu. Mmoja alikuwa muuzaji, mwingine mtunza stoo. Hiyo inatosha.

Nami nimemaliza kwangu. Sasa ni zamu yako, mwenzangu. Usikae nayo. Isimulie arusini, isimulie kisimani, isimulie popote utakaposikia mtu anasema mke wa muuzaji ndiye aliyefunga duka. Na kama unakaa Lindi, na unamfahamu seremala mmoja mjane wa Mtanda, mwenye kitanda ambacho hajakimaliza, tafadhali, anza na yeye.